Risala ya familia za wanajeshi na wanajeshi wastaafu wa Nanyuki kuhusu uwakilishi wa kisheria katika mahakama za jinai

Kwa Waziri wa Ulinzi. Kwa Mkuu wa Majeshi. Kwa Kamati ya Bunge la Taifa inayosimamia ulinzi. Kwa Mwanasheria Mkuu. Na kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Mheshimiwa Waziri,

Sisi tunaoleta risala hii ni wake, waume na wazazi wa wanajeshi walio kazini, pamoja na wanajeshi wastaafu, tunaoishi Nanyuki na vijiji vinavyouzunguka mji huu. Wenye shida hii hasa hawamo kati yetu, na sababu unaijua. Ibara ya 24 ya Katiba inaruhusu sheria ipunguze haki ya watu wa majeshi ya kuungana na ya kukusanyika, na haki ya kupeleka maombi kwa wakuu imo katika ibara hiyohiyo ya kukusanyika. Hilo hatulilalamikii. Wastaafu tulio hapa tuliishi chini ya amri hiyo miaka yote ya utumishi wetu na tunajua kwa nini ipo. Lakini ikiwa askari haruhusiwi kujisemea, basi jamaa zake wasemapo wasikilizwe kama ambavyo angesikilizwa yeye.

Dai letu ni hili. Mwanajeshi wa Kenya anaposhtakiwa kwa kosa la jinai katika mahakama ya kiraia, iwe ya hakimu au Mahakama Kuu, awe na wakili tangu siku anapoandikisha taarifa hadi rufaa ya mwisho. Asipokuwa na uwezo wa kumlipa, serikali iliyomwajiri imlipie.

Tunajua neno la kwanza litakalosemwa: kwamba familia za askari zinawatafutia watu wao mahali pa kujificha. Tunaomba tusieleweke hivyo. Sisi ni watu wa Nanyuki. Tulikuwepo mwaka 2012 msichana wa mji huu alipouawa na mwili wake ukapatikana katika tangi la maji taka la hoteli, akiwa ameacha mtoto wa miezi michache. Tulisubiri hadi 2019 kabla ya uchunguzi wa mahakama kusema kwamba waliomuua walikuwa askari wa Uingereza, na tukasubiri tena hadi Septemba 2025 kabla ya Mahakama Kuu kutoa hati ya kumkamata mshukiwa. Mama wa mtoto wa kike hapa hahitaji kuelezwa maana ya askari asiyeguswa na sheria. Kwa hiyo hatuombi kesi zihamishwe kutoka mahakama za kiraia, wala hatutaki kosa la askari lizungumzwe kimyakimya kambini na kumalizwa kwa barua ya uhamisho. Mwanajeshi aliyemdhuru raia ahukumiwe mbele ya raia, mlango ukiwa wazi. Ombi letu ni kwamba atakapohukumiwa, hukumu iwe ya kweli.

Mheshimiwa, sisi ndio tunaokaa kwenye mabenchi ya nyuma mahakamani. Tungependa uone tunachokiona. Kijana anaingia kizimbani akiwa na suti ya kuazima. Amesimama wima, visigino vimekutana, vidole vimenyooka kwenye mshono wa suruali, kana kwamba yuko mbele ya kamanda wake. Kiongozi wa mashtaka anamaliza kumhoji shahidi, mtu aliyesema jambo ambalo ameligeuza mara mbili ndani ya saa moja. Hakimu anamgeukia mshtakiwa na kumuuliza kama ana swali kwa shahidi huyo. Kijana anameza mate, anatazama mbele bila kupepesa, anajibu, "Sina swali, mheshimiwa." Anaketi. Shahidi anashuka, na maneno yake yanabaki kwenye jalada bila kuguswa. Usiku nyumbani anatueleza yote aliyotaka kuuliza, kwa mpangilio, na vielelezo anavyo kwenye simu. Hakuuliza kwa sababu miaka yote amefundishwa kwamba mkubwa akikupa nafasi ya kusema, jibu la heshima ni kukubali na kunyamaza.

Hali hiyo huanzia mbali na kizimba. Huanzia kituo cha polisi, anapowekewa karatasi mezani na kuambiwa andika. Sheria ya Ushahidi inataka kukiri kosa kufanyike mbele ya jaji, hakimu au ofisa wa polisi wa cheo kilichotajwa ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mshtakiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Askari wetu hawaijui sheria hiyo. Wanachokijua ni kwamba ofisa akitaka taarifa, unaiandika, unatia sahihi na tarehe, unasema "ndiyo, afande". Nidhamu hiyohiyo tunayoisifu siku ya Jamhuri ndiyo inayomfanya awe mshtakiwa dhaifu kuliko mchuuzi wa sokoni, ambaye angalau atabisha.

Katiba haina utata hapa. Ibara ya 50 inampa kila mshtakiwa haki ya kumchagua wakili wake, na haki ya kupewa wakili kwa gharama ya serikali iwapo bila hivyo dhuluma kubwa itatokea, na pia haki ya kuelezwa mapema kwamba haki hizo anazo. Ibara ya 25 inasema haki ya kesi ya usawa haiwezi kupunguzwa. Na ile Ibara ya 24 inayoruhusu majeshi kubanwa imeorodhesha haki zinazoweza kubanwa. Ya 50 haimo. Waliotunga Katiba walimfikiria askari, wakaamua kwamba akifika mahakamani awe sawa na mwananchi mwingine yeyote. Mahakama ya Juu nayo mwaka 2017 ilieleza mambo ya kutazamwa katika kupima hiyo dhuluma kubwa, miongoni mwao uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa wa kulipa wakili, na ugumu wa shtaka lenyewe.

Tatizo liko katika namna haki hiyo inavyomfikia mtu, au isivyomfikia. Anayeshtakiwa kwa mauaji mbele ya Mahakama Kuu kwa kawaida huteuliwa wakili. Lakini wizi wa kimabavu, ambao adhabu yake katika vitabu ni kifo, husikizwa na hakimu. Kunajisi mtoto wa umri wa miaka 11 au chini yake ni kifungo cha maisha, na kesi yake pia ni ya hakimu. Huko chini ndiko tunakowaona watu wetu wakisimama peke yao.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ililetwa ili kuziba pengo hilo, lakini mlango wake ni wa mtu fukara. Askari akifika pale na hati yake ya mshahara, anaonekana si fukara. Anarudishwa. Anayetazama juu ya hati anaona mshahara wa serikali. Angeteremsha macho hadi chini angeona mkopo wa chama cha akiba, mkopo wa benki uliojengea nyumba ya wazazi, karo, bima, na kiasi kinachobaki ambacho hakitoshi kumlipa wakili hata malipo ya kwanza. Ndipo sisi tunapoanza. Tunafungua kundi la WhatsApp, tunaita harambee, tunauza mtamba, tunaweka rehani hati ya shamba. Wapo kati yetu waliomlipa wakili kwa kesi kutajwa mara mbili, kisha pesa zikaisha na wakili akajiondoa kesi ikiwa katikati. Jambo hilo ni baya kuliko kutokuwa na wakili tangu mwanzo, kwa maana mshtakiwa anaachiwa jalada la utetezi alioupanga mtu mwingine.

Sasa tunafika kwenye jambo linalotuuma zaidi, nalo tunaomba Mwanasheria Mkuu alisome mwenyewe. Askari akiwa kazini, kwa mfano katika kizuizi cha barabarani, anafyatua risasi na raia anaumia. Familia ya raia huyo ikifungua kesi ya madai ya fidia, serikali ndiyo inayoshtakiwa, na ofisi ya Mwanasheria Mkuu inasimama kuitetea. Kuna mawakili, kuna majalada, kuna gari la kuwapeleka kortini. Tukio hilohilo likifunguliwa kama kesi ya jinai, mambo yanageuka. Ibara ya 156 inamwagiza Mwanasheria Mkuu kuiwakilisha serikali katika kesi zote isipokuwa za jinai. Ibara ya 157 inampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kumshtaki mtu yeyote katika mahakama yoyote isipokuwa ya kijeshi. Kwa hiyo Jamhuri iliyompa bunduki na kumwelekeza asimame pale barabarani sasa imeketi meza ya pili, na jina lake ndilo la kwanza kwenye karatasi ya mashtaka. Hatusemi Jamhuri isimshtaki. Ikiwa alivunja sheria, imshtaki. Tunasema haifai pesa za umma zitetee hazina ya serikali dhidi ya fidia, halafu zikose shilingi ya kumtetea mtu ambaye kifungo chake ni cha mwili wake mwenyewe.

Angeshtakiwa kambini, mambo yangekuwa tofauti. Mahakama ya kijeshi inaongozwa na mwanasheria, na mshtakiwa hutetewa na ofisa au wakili. Ni ajabu kwamba askari anayeshtakiwa kwa utoro ana mtu wa kumsemea, ilhali anayeshtakiwa kwa kosa la kifungo cha maisha mbele ya hakimu mjini anaambiwa ajitegemee.

Yapo pia yanayotokana na kazi yenyewe. Tangu Oktoba 2011 vijana wetu wamekuwa wakiingia na kutoka Somalia. Wengine wamo msitu wa Boni. Februari 2023 Bunge liliidhinisha majeshi yaende kusaidia polisi katika kaunti sita, Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Samburu na hii yetu ya Laikipia, na Juni 2024 yakaidhinishwa tena wakati wa maandamano mijini. Askari anayefanya kazi katikati ya raia, katika vijiji na mitaa, ana nafasi kubwa zaidi ya kujikuta katika mahakama ya raia kuliko yule wa zamani aliyekaa mpakani. Kesi yake itasikizwa mahali tukio lilipotokea, Lodwar au Kabarnet au Lamu, miji ambayo mawakili ni wachache na yeye hana ndugu. Kesi inapangiwa tarehe, kikosi chake kimeshahamishwa, mawasiliano hayafiki. Jina linaitwa kortini, hakuna anayeitika, hati ya kumkamata inatolewa. Akirudi kutoka kazini anakamatwa kama mtoro wa dhamana, na anakaa rumande hadi apatikane wa kuthibitisha alikuwa wapi. Wakili mmoja mwenye barua moja kutoka kambini angelimaliza jambo hilo kwa dakika tano.

Wajane na majeruhi wa vita tunawajua kwa majina. Wapo vijana waliorudi kutoka Somalia wakiwa wazima wa viungo lakini hawalali. Mmoja wao akipigana baa usiku na mtu akaumia, ushahidi wa daktari kuhusu hali ya akili yake unaweza kubadilisha uamuzi au adhabu. Ushahidi huo uko katika jalada la hospitali ya jeshi. Mshtakiwa hajui kwamba una maana kortini, na hata akijua, hajui namna ya kuomba uletwe. Hakimu anamhukumu bila kuuona.

Tumeuliza majeshi mengine yanafanyaje, na hatukulazimika kwenda mbali. Jeshi la Uingereza lina kambi hapa Nanyuki. Lina mamlaka maalumu ya msaada wa kisheria ambayo humsimamia askari wake anaposhtakiwa katika mahakama zao za kijeshi na pia anaposhtakiwa katika mahakama ya jinai nje ya Uingereza. Mwenye kipato huchangia. Marekani, ambayo askari wake wako Manda Bay, Lamu, tangu 1956 ina sheria inayoruhusu jeshi kumlipia askari wake wakili, gharama za kesi na dhamana anaposhtakiwa katika mahakama za nchi nyingine. Maana yake ni kwamba katika jengo lilelile la mahakama ya Nanyuki, askari wa kigeni aliyeshtakiwa ana serikali yake nyuma yake kwa maandishi, na askari wa Kenya, katika nchi yake, mbele ya bendera aliyoapa kuilinda, hana. Hatuwaonei wivu wageni kwa haki yao. Tunaona aibu kwa ajili yetu.

Kuna jambo la tahadhari ambalo wastaafu waliomo kati yetu walisisitiza liandikwe wazi. Wakili huyo asiwe ofisa wa jeshi. Maofisa wanasheria wa jeshi ni watu wenye elimu na tunawaheshimu, lakini wako chini ya makamanda. Itafika siku utetezi wa kweli wa koplo utakuwa kusema kwamba alitii amri, na kumtaja aliyeitoa. Wakili anayempigia saluti huyohuyo aliyetoa amri hawezi kuombwa afanye kazi hiyo, na hata akiifanya kwa uaminifu, koplo hatamwamini na hatamweleza yote. Tunataka wakili wa kiraia, aliyechaguliwa na mshtakiwa kutoka orodha inayosimamiwa na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na anayelipwa kupitia Huduma hiyo. Kambi isione jalada lake. Kamanda asiulize alichoambiwa na mteja wake.

Wenzetu wengine walipendekeza msaada huu uwe kwa askari aliyeshtakiwa kwa jambo la kazini tu, na aliyepigana baa ajitegemee. Tulilijadili kwa muda mrefu na hatukukubaliana nalo. Nani atakayeamua, kabla ya kesi kusikizwa, kwamba jambo lilikuwa la kazi au si la kazi? Ataamua kamanda, na kamanda ana sababu zake za kusema halikuwa la kazi. Tena haki ya Ibara ya 50 haiulizi mshtakiwa alikuwa wapi. Tunakubali tofauti moja: kwa jambo la kazini serikali ilipe yote; kwa jambo la nje ya kazi, askari achangie kutoka mshahara wake kwa kiasi kisichoiangusha nyumba, na akiachiliwa huru arudishiwe.

Na waliodhurika tusiwasahau. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inawatambua, lakini mama mkulima aliyempoteza mwanawe hawezi kumlipa wakili wa kuifuatilia kesi zaidi ya anavyoweza koplo. Katika kila kesi ambayo mwanajeshi atapewa wakili chini ya mpango tunaoudai, mwathiriwa au familia yake nao wapewe, kutoka fungu hilohilo. Tumeona kesi inayorudi kutoka rufaa na kuanza upya kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki zake. Anayeumia hapo ni shahidi, mara nyingi mtoto, anayeitwa kusimulia tena jambo ambalo alikuwa ameanza kulisahau. Mshtakiwa akitetewa vizuri mara ya kwanza, mtoto huyo haitwi mara ya pili.

Kwa hayo, tunadai kwamba Waziri, kwa kushirikiana na Mwanasheria Mkuu, apeleke Bungeni marekebisho ya Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012 na ya Sheria ya Msaada wa Kisheria, yatakayomtoa mwanajeshi katika kipimo cha ufukara na kumpa wakili kwa kosa lolote linaloweza kumpeleka jela. Kabla ya sheria hiyo kupita, tunadai amri ya Mkuu wa Majeshi itakayomlazimu kila kamanda, ndani ya saa 24 za kupata habari kwamba askari wake amekamatwa na polisi, kuijulisha familia kwa simu na kuijulisha Huduma ya Msaada wa Kisheria kwa maandishi. Imlazimu pia kumruhusu askari kuhudhuria kila tarehe ya kesi popote alipo. Na imlazimu kutoa kumbukumbu za kazi na za hospitali pale wakili anapoziomba kupitia mahakama. Amri kama hiyo haihitaji bajeti wala kura. Tunadai pia kwamba haki ya kunyamaza na haki ya wakili zifundishwe wakati wa mafunzo ya kuruti huko Eldoret, kwa Kiswahili, na mwalimu asiwe ofisa wa upelelezi.

Kwa Kamati ya Bunge tuna neno la ziada. Ibara ya 241 inasema majeshi hayapelekwi kutuliza ghasia katika sehemu yoyote ya nchi bila idhini yenu. Idhini hiyo mmekuwa mkiitoa. Kila mtakapoombwa tena, kataeni kupiga kura hadi mwone katika hoja hiyo fungu la pesa za mawakili, kwa askari mnaowatuma na kwa raia watakaodhurika.

Makadirio ya bajeti hufika Bungeni kufikia 30 Aprili. Tunataka fungu hilo liwemo katika makadirio yajayo, likiwa na mstari wake, lisifichwe ndani ya matumizi mengineyo. Tunaomba jibu la maandishi, lenye sahihi ya ofisa anayetajwa kwa jina na cheo, lipelekwe kwa wazee waliowasilisha risala hii ili lisomwe mbele yetu sote. Nakala ya risala tumempa hakimu mkazi, nyingine tumezipeleka kanisani na msikitini, na nyingine tumempa mbunge wetu. Kesi mbili za watu wetu zinatajwa mwezi ujao, na hakuna wakili.

Wenu katika utumishi wa nchi,

Familia za wanajeshi na wanajeshi wastaafu, Nanyuki